Kuzisoma nyaya za nyumba kabla ya kufunga taa janja: mwongozo kwa wakazi wa Arusha na Moshi

Taa zinazowashwa kwa simu, kupunguzwa mwanga kwa sauti au kuzimika zenyewe kwa saa iliyopangwa sasa zinapatikana katika maduka ya vifaa vya umeme ya Arusha na Moshi, na wenye nyumba wengi huzinunua kwa kutazama bei na picha iliyo kwenye boksi. Kinachosahaulika ni kwamba mtengenezaji aliibuni swichi yake akichukulia kwamba nyuma ya kila swichi kuna nyaya fulani, hasa nyutro, yaani waya unaorudisha umeme na kukamilisha mzunguko, ilhali nyumba zetu nyingi zimefungwa umeme kwa utaratibu tulioupokea kutoka kwa Waingereza, ambao kwa kawaida hauziweki nyaya hizo hapo. Ndiyo maana taa hupepesa, swichi hukataa kuwaka, breka huanguka kila jioni, na kifaa hurudishwa dukani kikiitwa kibovu wakati hitilafu ilikuwa ukutani tangu siku nyumba ilipofungwa umeme.

Kazi ya kufungua, kuongeza au kubadilisha nyaya za nyumba ni ya fundi umeme mwenye leseni ya EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji, na mita pamoja na lakiri zake ni mali ya TANESCO ambayo mwenye nyumba hapaswi kuigusa kabisa. Hata hivyo, mwenye nyumba anayeelewa kinachotafutwa huuliza maswali yanayofaa, hununua kifaa kinachofaa, na hamwachii fundi mwenye haraka nafasi ya kuficha kosa nyuma ya kifuniko cha swichi. Kwa hiyo ninawaandikia wote wawili, mwenye nyumba na fundi wake.

Umeme kukatika si umeme kuzimwa

Katika miji yetu umeme hukatika na tokeni za LUKU huisha, na hali zote mbili humshawishi mtu kupanda ngazi akidhani nyumba ni salama. Si salama. Umeme hurudi bila kubisha hodi, na mtu aliye sebuleni anaweza kuingiza tokeni mpya wakati wewe umeshika waya darini. Nyumba yenye inveta na betri, paneli za sola au jenereta ina hatari ya ziada, kwa kuwa kuzima mein swichi hakuzimi chanzo cha pili. Saketi ya taa ndiyo mara nyingi huunganishwa kwenye inveta, kwa hiyo waya unaodhani umekufa unaweza kuwa hai kwa volti 230 kamili.

Utaratibu ninaousisitiza ni huu. Zima breka ya saketi ya taa kwenye DB, yaani bodi ya kugawia umeme yenye breka za nyumba, waambie watu wote wa nyumbani, na ubandike karatasi juu ya DB inayokataza kuiwasha. Chukua kipimo chako ukijaribu kwanza kwenye soketi unayojua ina umeme, kisha pima nyaya za swichi unayotaka kuifungua, kisha rudi kwenye soketi ileile na ujaribu tena, kwa sababu kipimo kinachokufa katikati ya kazi kitakuambia waya umekufa hata kama una moto. Pima kati ya kila waya na mwenzake na kati ya kila waya na ethi (waya wa kupeleka umeme uliovuja ardhini), si jozi moja tu. Ukikuta waya ulio hai baada ya kuzima breka ya taa, umegundua jambo la maana: kisanduku cha swichi hiyo kinalishwa na saketi zaidi ya moja, na hali hiyo si ngeni kwenye swichi zenye vitufe vitatu au vinne zinazohudumia sebule, veranda na taa za nje kwa pamoja. Hapo zima mein swichi, zima na inveta kama ipo, kisha upime upya kabla ya kuingiza mkono.

Bisibisi ya testa yenye kitaa kidogo isiwe kipimo chako pekee. Kitaa hicho huwaka kwa mkondo mdogo sana unaopita mwilini mwako kwenda ardhini, kwa hiyo ukiwa juu ya ngazi kavu ya mbao na kandambili za mpira kinaweza kufifia usikione, hasa mchana kweupe. Kwa upande mwingine, kinaweza kuwaka kwenye waya usiounganishwa popote, ambao umepata umeme wa kuambukizwa tu kutoka kwa waya wa jirani ndani ya paipu. Maltimita yenye ncha mbili ni bora zaidi, ikiwekwa kwenye volti za AC na kwenye kiwango kilicho juu ya 230, lakini nayo ina udhaifu wake nitakaoueleza hapa chini.

Rangi za nyaya zisikuamulie

Utaratibu wa zamani ni waya mwekundu kwa moto (unaoleta umeme), mweusi kwa nyutro na wa kijani kwa ethi. Uingereza ilianza kuacha rangi hizo mwaka 2004 na kuchukua rangi za Ulaya, yaani kahawia kwa moto, buluu kwa nyutro, na kijani chenye mistari ya njano kwa ethi, na kuanzia mwaka 2006 kazi mpya za huko hazikuruhusiwa kutumia rangi za zamani. Hapa kwetu mitindo hiyo miwili inaishi pamoja, wakati mwingine ndani ya nyumba moja: sehemu ya kwanza ilifungwa kwa nyekundu na nyeusi, kisha chumba kikaongezwa miaka kadhaa baadaye na fundi mwingine aliyetumia kahawia na buluu.

Mchanganyiko huo ni hatari kuliko unavyoonekana. Katika umeme wa fezi tatu (wenye nyaya tatu za moto badala ya moja) wa rangi za zamani, fezi ni nyekundu, njano na buluu, maana yake waya wa buluu katika nyumba ya namna hiyo unaweza kuwa moto na si nyutro. Katika rangi mpya za fezi tatu, nyaya za moto ni kahawia, nyeusi na kijivu, kwa hiyo hata mweusi hauaminiki. Kisha zipo video za mafunzo kutoka Marekani, ambako waya mweusi ndio wa moto na mweupe ndio nyutro. Fundi kijana anayejifunza kwa video hizo akifuata rangi badala ya kipimo atakosea vibaya. Tukiwa hapo, vifaa vya soko la Marekani vilivyoandikwa volti 120 peke yake visifungwe katika nyumba za Tanzania, ambako umeme ni volti 230 na hetsi 50, na swichi zao ndefu nyembamba hazikai katika visanduku vyetu vya mraba. Tafuta kifaa kilichoandikwa 220–240 au 100–240, chenye uso wa mraba wa milimita 86 kwa 86.

Pima pia kina cha kisanduku kabla ya kununua. Visanduku vingi vya swichi ni vifupi, vingine milimita 16 tu, na vilitosha kwa swichi ya kawaida ambayo haina kitu nyuma. Swichi janja ina saketi nzima ya kielektroniki mgongoni na mara nyingi huhitaji milimita 35 au zaidi. Kuisukuma kwa nguvu hadi skrubu ishike ni kuzibana nyaya na kupasua maganda yake, na hitilafu hiyo itajitokeza miezi baadaye wakati hakuna anayekumbuka chanzo.

Kitu kilichomo, na kisichokuwamo, ndani ya kisanduku

Hapa ndipo penye kiini cha jambo zima. Katika nyumba nyingi umeme wa taa haupiti kwenye swichi kwanza. Moto na nyutro huenda moja kwa moja darini, hadi kwenye siling rozi (kifuniko cha darini kinachoning'iniza taa) au jointi boksi (kisanduku cha kuungia nyaya), na kutoka hapo nyaya mbili tu hushuka ukutani: mmoja unaoleta moto kwenye swichi, na mwingine unaorudisha moto huo kwenye taa swichi inapowashwa. Nyutro hubaki juu, maana swichi ya kawaida haiihitaji. Kazi yake ni kukata na kuunganisha tu. Swichi janja ni tofauti, kwa kuwa ndani yake kuna kompyuta ndogo na redio ambazo lazima ziwe hai hata taa ikiwa imezimwa, nazo zinahitaji mzunguko kamili wa moto na nyutro.

Tatizo huwa kubwa zaidi pale fundi wa awali alipotumia waya pacha wenye nyekundu na nyeusi kushuka kwenye swichi. Ule mweusi si nyutro. Ni waya wa kurudi, na swichi ikiwashwa unakuwa na moto. Fundi mwangalifu huufunga tepu nyekundu kwenye ncha ili mwenzake atakayekuja baadaye ajue, lakini wengi hawafanyi hivyo, na mtu anayeuona mweusi huo hushangilia kwamba amepata nyutro.

Kipimo nacho kinaweza kumthibitishia kosa lake. Fundi akiitoa swichi, akatenganisha nyaya, akazifunika ncha zake kwa konekta, akawasha umeme na kupima kati ya waya wa moto na ule mweusi, maltimita inaweza kusoma volti zinazokaribia 230. Ataamini ni nyutro. Kumbe waya huo umeunganishwa na nyutro kupitia ndani ya balbu iliyoko juu, na maltimita, kwa kuwa inavuta mkondo mdogo mno, haioni tofauti kati ya nyutro halisi na nyutro inayoonekana kupitia balbu. Njia ya kuutenganisha ukweli ni kuzima umeme, kutoa balbu zote za saketi hiyo ya swichi, kuwasha tena na kupima upya. Kama usomaji umeanguka au unacheza-cheza kwenye volti arobaini, sitini au tisini, ule ulikuwa waya wa kurudi na volti unazoziona ni za kuambukizwa. Kama usomaji umebaki imara pale pale karibu na 230, waya huo ama ni nyutro ama ni ethi.

Kutofautisha nyutro na ethi kunahitaji hatua moja zaidi, kwa sababu vyote viwili husoma karibu sawa dhidi ya moto. Mein swichi ikiwa imezimwa na vyanzo vingine vimezimwa, fundi anaitoa nyutro ya saketi hiyo kwenye bodi ya nyutro ndani ya DB, kisha anapima mwendelezo, yaani kama njia haijakatika, kati ya ncha hiyo na waya unaoshukiwa kule kwenye swichi, akitumia waya mrefu wa kuazima. Ukilia mlio wa mwendelezo, hiyo ni nyutro, tena ni ya saketi ileile, jambo ambalo ni muhimu kama nitakavyoeleza.

Kabla ya hatua hizo zote, piga picha. Picha moja ya swichi ikiwa bado imefungwa na nyingine ya kila waya na tundu lake itamrudisha fundi kwenye hali ya mwanzo hata kama kazi imeharibika usiku.

Ethi isigeuzwe nyutro

Fundi asiyekuta nyutro kwenye kisanduku hukuta waya wa kijani, na kifaa kikiunganishwa kati ya moto na kijani huwaka mara moja. Kazi huonekana imekwisha. Naomba kila mwenye nyumba anayesoma hapa akatae jambo hilo kwa uwazi, hata kama fundi ni jamaa yake. Ethi ni njia ya dharura ya kupeleka umeme uliovuja ardhini. Ikibebeshwa mkondo wa kila siku, na siku moja ikalegea kwenye nguzo ya ethi iliyopigwa nje, basi kila chuma kilichounganishwa nayo, kuanzia fremu ya taa, jiko la umeme hadi hita ya bafuni, kinaweza kupata umeme kupitia kile kifaa. Ardhi yetu ya miamba ya volkano inapokauka haipitishi umeme vizuri, kwa hiyo nguzo ya ethi ambayo ilifaa wakati wa masika inaweza kuwa dhaifu ifikapo Septemba. Mtu ataguswa na umeme akioga, na hakuna atakayeishuku taa ya sebuleni.

Kama DB ina RCCB ya miliampea 30, kosa hili mara nyingine hujifichua lenyewe. Kifaa hicho hulinganisha mkondo unaotoka kwenye moto na ule unaorudi kwenye nyutro, na tofauti ikizidi kiwango chake hukata. Swichi moja janja iliyounganishwa kwenye ethi huvujisha kidogo, pengine kiasi kisichotosha kuangusha RCCB, lakini zikifika nne au tano pamoja na uvujaji mdogo wa friji na kompyuta, RCCB itaanza kuanguka bila mpangilio. Wengi hapo huiondoa RCCB wakisema inasumbua. Anayefanya hivyo ameondoa kifaa pekee kilichokuwa kinasema kweli.

Njia za kufuata pasipo na nyutro

Nyumba iliyofungwa nyaya ndani ya paipu za plastiki ukutani ina bahati, na nyumba nyingi za tofali mkoani Arusha na Kilimanjaro ni za namna hiyo. Fundi anaweza kuvuta nyutro mpya ya milimita 1.5 za mraba kutoka darini hadi kwenye swichi kupitia paipu ileile, mradi iwe nyutro ya saketi ileile inayolisha taa hiyo. Kwa maoni yangu hii ndiyo njia bora kuliko zote, hata ikiongeza gharama ya siku moja ya fundi, kwa kuwa inaiacha nyumba ikiwa tayari kwa kifaa chochote kitakachokuja baadaye. Paipu ikiwa imejaa au imepondwa na plasta, usilazimishe. Waya uliovutwa kwa nguvu hutoka umechunika.

Njia ya pili ni kuweka moduli ndogo ya rilei (swichi inayoendeshwa kwa umeme) kule juu kwenye jointi boksi, mahali ambapo moto na nyutro vyote vipo, na kuiacha swichi ya zamani ukutani itumike kuiamrisha. Ni njia safi, isipokuwa tu chini ya paa la bati. Dari lisilo na kizuizi cha joto huchemka mchana wa jua, na moduli nyingi zimeandikwa zisizidi nyuzi 40 za selisiasi. Soma kilichoandikwa kwenye kifaa, na kama dari lako ni la namna hiyo, tafuta njia nyingine.

Njia ya tatu ni swichi janja isiyohitaji nyutro. Hii hujilisha kwa kupitisha mkondo mdogo ndani ya balbu hata wakati taa imezimwa. Enzi za balbu za nyuzi za wati 60 hakuna aliyeuona mkondo huo. Balbu ya LED ya wati tano huuona, hujaza kapasita yake ya ndani (kihifadhi kidogo cha umeme) polepole, humweka kidogo, huzimika, na kurudia usiku kucha. Dawa yake ni kapasita ndogo inayouzwa pamoja na swichi hizo, ambayo hufungwa juu kwenye taa, sambamba na balbu, ili mkondo ule upite humo. Wengi huiona kwenye boksi na kuitupa wakidhani ni kipuri cha akiba.

Mpangaji ambaye haruhusiwi kugusa ukuta abadilishe balbu pekee. Aangalie kama holda zake ni za pini au za kuzungusha, na awafundishe watu wa nyumbani kuiacha swichi ya ukutani ikiwa imewashwa, kwa sababu balbu janja iliyokatiwa umeme haisikii simu. Kama ukutani pana dima ya zamani, yaani swichi ya kupunguza mwanga, iondolewe. Balbu janja juu ya dima hulia, hupepesa na kufa mapema.

Taa inasema nini

Taa iliyozimwa ikiendelea kung'aa kidogo gizani, na hujafunga swichi isiyo na nyutro, chunguza mambo mawili. La kwanza ni kama swichi imekata nyutro badala ya moto, kosa la zamani ambalo mtu hakuliona enzi za balbu za nyuzi lakini linaacha holda ikiwa na moto muda wote. Anayebadilisha balbu ya kuzungusha anaweza kushika ganda lenye volti 230. La pili ni kitaa kidogo cha alama kilichomo ndani ya swichi yenyewe, ambacho hupitisha mkondo kiasi cha kuiamsha LED.

Taa za nyumba nzima zikipanda na kushuka mwanga, na hasa baadhi zikiongezeka ukali huku nyingine zikififia mtu anapowasha birika, acha kila kitu. Hiyo ni dalili ya nyutro iliyolegea. Katika nyumba ya fezi tatu nyutro ikikatika kabisa, baadhi ya saketi zinaweza kupata volti zinazokaribia 400, na balbu janja, ruta na runinga vitaungua kwa dakika moja. Zima mein swichi. Fundi akaze nyutro zote kwenye DB, na kama tatizo liko kabla ya mein swichi, upande wa mita au nguzoni, waiteni TANESCO. Hakuna fundi wa mtaani anayeruhusiwa huko.

Breka au RCCB ikianguka siku za mvua tu, mtazamo uelekee darini na nje. Misumari ya bati iliyolegea hudondosha maji juu ya maungio yaliyosokotwa kwa mkono na kuzungushiwa tepu, na panya hula maganda ya nyaya juu ya jipsamu. Maungio ya namna hiyo yafunguliwe yote na kuwekwa konekta za skrubu ndani ya jointi boksi zenye vifuniko. Fundi akitaka kupima ukinzani wa maganda kwa mega ya volti 500, ahakikishe kwanza swichi janja, moduli na balbu zote zimetolewa, maana volti hizo huua vifaa vya kielektroniki papo hapo. Usomaji chini ya megaomu moja haukubaliki, na nyumba yenye nyaya nzima husoma zaidi ya hapo kwa mbali.

Kifaa kikiwaka lakini kikikataa kuonekana kwenye simu, nyaya hazina kosa. Vifaa vingi vya aina hii vinatumia mawimbi ya gigahetsi 2.4 pekee, wakati simu yako imeshikwa na mawimbi ya gigahetsi 5 ya ruta ileile. Tenganisha majina ya mitandao hiyo miwili kwenye ruta, kisha ujaribu tena ukiwa karibu. Ukuta mnene na kisanduku cha chuma hupunguza mawimbi pia.

Swichi mbili, taa moja

Taa ya korido au ya ngazi inayowashwa pande mbili ndiyo inayowashinda wengi. Swichi za tu-wei zina matundu matatu kila moja: la kati, ambalo kwenye swichi moja hupokea moto na kwenye nyingine hutoa umeme kwenda kwenye taa, na mengine mawili yanayounganishwa kati ya swichi na swichi. Ukitoa moja na kuweka swichi janja ya kawaida, taa itatii swichi hiyo tu pale nyingine ikiwa imekaa upande fulani, na mwenye nyumba atadhani kifaa kina kigeugeu. Rahisi zaidi ni kuweka moduli moja iliyoandikwa kwamba inakubali swichi za tu-wei, na kuziacha swichi zote mbili za ukutani ziiamrishe.

Lakini kabla ya hapo hakikisha nyutro haikuazimwa. Katika nyumba za ghorofa, fundi wa awali aliyetaka kuokoa waya huchukua moto wa taa ya ngazi kutoka saketi ya chini, na nyutro kutoka saketi ya juu kwa kuwa iko karibu na taa. Chini ya RCCB moja ya nyumba nzima kosa hilo hukaa kimya kwa miaka. Siku unapoboresha DB na kuipa kila saketi kinga yake, au kuigawa nyumba kwa RCCB mbili, kinga huanguka kila mtu anapowasha taa ya ngazi. Hatari iliyo kubwa zaidi ni kwa fundi: anazima breka ya juu, anaamini saketi imekufa, anafungua nyutro, na nyutro hiyo inampiga kwa sababu inabeba mkondo wa saketi ya chini iliyo hai. Kwa hiyo muulize fundi wako kwa maneno haya haya: "Fundi, nyutro ya taa hii inarudi kwenye saketi ipi?" Akijibu bila kupima, mwombe apime.

Baada ya kufunga

Vuta kila waya kwa mkono kabla ya kufunga uso wa swichi. Ulioshikwa vizuri hautoki. Washa, acha taa ziwake nusu saa, kisha gusa uso wa swichi kwa mgongo wa mkono, kwani joto kali la sehemu moja ni dalili ya skrubu iliyolegea. Bonyeza kitufe cha kujaribia cha RCCB, ambacho kinapaswa kuikata papo hapo. Andika kwenye mlango wa DB breka ipi inahudumia taa zipi, na kama kuna kapasita au moduli iliyofichwa darini andika iko chumba gani.

Mpangilio wa programu ya simu unaosahaulika sana ni hali ya taa umeme unaporudi. Balbu nyingi hutoka kiwandani zikiwa zimepangwa kuwaka kwa mwanga wote kila zinapopata umeme, kwa hiyo umeme ukikatika saa mbili usiku na kurudi saa tisa, nyumba nzima huwaka na kuamsha watoto. Chagua hali ya kubaki zilivyokuwa, au kubaki zimezimwa. Fahamu pia kwamba balbu nyingi hujifuta na kurudi katika hali ya kuunganishwa upya zikiwashwa na kuzimwa mara tatu hadi tano kwa haraka; umeme unaporudi kwa kusitasita hufanya jambo lilelile, na balbu iliyosahau mtandao baada ya usiku wa namna hiyo haijaharibika. Iunganishe upya.

Kuhusu LUKU, kifaa kimoja kilichozimwa lakini kinachosubiri amri hutumia takribani nusu wati. Kwa mwaka ni kama uniti nne na nusu kwa kila kifaa, na nyumba yenye vifaa kumi itatumia uniti zinazokaribia arobaini na tano kwa kusubiri tu. Taa ya choo au ya stoo, inayowashwa dakika chache kwa siku, haitarudisha kiasi hicho hata ikipangwa vipi. Ibaki na swichi yake ya kawaida.